Kiungo kidogo kinachozungusha vinu vya dhahabu Mara

Nyamongo, wilayani Tarime, enzi mbili za mitambo zinafanya kazi jirani. Ndani ya uzio wa mgodi wa North Mara, mota za umeme huendesha pampu na vinu kupitia kaplingi, yaani kiungo kinachounganisha shafti mbili zilizokaa uso kwa uso. Nje ya uzio, karasha za wachimbaji wadogo husaga mawe kwa injini na mkanda. Mkanda ndio mkongwe.

Wajerumani walichimba dhahabu Kilimafedha, eneo ambalo leo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Uchimbaji ulipamba moto miaka ya 1930, hasa Marekani ilipopandisha bei ya dhahabu mwaka 1934 kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa wakia. Migodi ya Kiabakari na Buhemba ikapata jina.

Mitambo ya kupondea mawe ya zama hizo ilikuwa kama michi mizito ya chuma, ikinyanyuliwa na kuachiwa na shafti moja ndefu. Nguvu iliifikia shafti hiyo kwa mkanda. Mkanda ulikuwa mpole: shafti ikienda upande kidogo, unavumilia, mzigo ukizidi, unateleza. Lakini ulipoteza nguvu, ulichanika, na ulinasa nguo na mikono ya watu.

Mota za umeme zilipoenea, mashine zikaanza kuunganishwa moja kwa moja, na hapo kaplingi ikashika usukani. Haikuwa ngeni. John Oldham wa Ireland alishabuni, mapema katika karne ya 19, kaplingi ya shafti zisizolingana mstari. Mwaka 1903 Clarence Spicer wa Marekani akapata hataza ya kiungo cha propela shafti ya gari. Mafundi wetu wanaijua krosi yake vizuri.

North Mara ilianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines, ikaenda kwa Placer Dome, kisha Barrick mwaka 2006. Wenye mgodi wamebadilika. Kanuni ya kaplingi ni ileile. Lakini kaplingi haina upole wa mkanda. Pampu inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huhitaji shafti zilingane kwa tofauti isiyozidi takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikizidi hapo, beringi na sili ndizo zinazolipa deni.

Fundi makini huanza kwa kuzima umeme na kufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe. Akifungua kava la kaplingi, hutazama chini kwanza: unga mweusi wa mpira ni dalili kwamba mpira wa katikati unasagika. Hukagua bolti, kisha huangalia kama miguu yote ya mota imekalia kitako sawasawa, kwani mguu mmoja ukining'inia, kubana bolti kunapinda mota nzima. Ndipo hupima, kwa saa ya kupimia au kwa mwanga wa leza uliopokewa viwandani tangu miaka ya 1980, na kuingiza vibati vyembamba chini ya miguu. Kaplingi ya meno hutaka grisi yake maalumu. Ya kawaida, ikizungushwa kwa kasi, mafuta hujitenga na meno hubaki makavu.

Ujuzi huu sasa unafundishwa rasmi, ikiwamo katika chuo cha ufundi cha VETA Moshi, kwenye mafunzo ya mafundi wa migodi. Karasha nazo zitakapohamia kwenye mota zilizofungwa moja kwa moja, mwenye karasha atakayenunua kaplingi bila kumtafuta fundi wa kuipima atakuwa amenunua nusu ya mtambo.