Neno la Shahidi: Marekani na Vitu Visivyotambulika Angani, 1947–1969

Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold, akiruka karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa ving'aavyo vikienda kwa kasi ya ajabu. Magazeti yakaviita visahani virukavyo, na taarifa nyingine zikafuata kwa wingi. Mwaka uliofuata Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuzichunguza. Tangu 1952 kazi hiyo iliitwa Project Blue Book.

Wapo wahubiri waliokwisha kuyatolea mambo haya majibu ya haraka, wakitaja malaika au mapepo. Sioni kwamba historia yenyewe yatupa ruhusa hiyo. Linalotuhusu sisi ni jinsi wenye mamlaka walivyolipokea neno la shahidi.

Januari 1953 shirika la kijasusi la CIA liliita jopo la wanasayansi chini ya H. P. Robertson. Baada ya siku chache tu walisema hawakuona tishio katika vitu vyenyewe, bali katika wingi wa taarifa, ambao ungeweza kuziba njia za mawasiliano wakati wa vita. Wakashauri shauku ya umma ipunguzwe. Hivyo uchunguzi ukapewa kazi mbili zisizopatana: kutafuta ukweli na kuwatuliza watu.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1955 ndege ya siri ya U-2 ilianza majaribio, ikipaa zaidi ya futi 60,000, mahali ambapo hakuna aliyetazamia kuona ndege. Jioni, giza likiwa limekwisha kuwafikia marubani wa chini, mabawa yake ya rangi ya fedha yaliendelea kung'aa kwa jua. Maandishi ya CIA yenyewe, yaliyotolewa katika miaka ya 1990, yaeleza kwamba wachunguzi wa Blue Book walilinganisha taarifa na safari za U-2, lakini hawakuweza kuwaambia watu sababu ya kweli. Siri ya kijeshi naielewa. Hata hivyo, mtu aliyesema kweli aliachwa aonekane amedanganyika, na Luther, akifafanua Amri ya Nane, atudai kulinda sifa ya jirani.

Mnajimu J. Allen Hynek, mshauri wa Jeshi tangu 1948, alianza kwa kuzibeza taarifa hizo. Machi 1966 alisema kwamba mianga iliyoonwa Michigan yamkini ilikuwa gesi ya kinamasi. Mashahidi wakachekwa, naye akachekwa pamoja nao. Kamati ya Edward Condon ya Chuo Kikuu cha Colorado ilipotoa ripoti yake Januari 1969, ilisema kwamba kuendelea na uchunguzi hakungeinufaisha sayansi, na Desemba mwaka huo Blue Book ikafungwa. Kati ya taarifa 12,618, taarifa 701 zilibaki bila maelezo. Jambo hilo halithibitishi wageni kutoka sayari nyingine, wala haliwafanyi walioziandika kuwa waongo. Mwaka 1973 Hynek alianzisha kituo chake, nje ya serikali, akaendelea kuwasikiliza.