Mumosho: namna ya kupima mteremko wa shamba na kiwanja

Mumosho, katika wilaya ya Kabare kusini mwa mji wa Bukavu, ni inchi ya vilima vinavyoshuka mpaka mto Ruzizi. Mashamba ya mihogo, maharagwe na ndizi yanalimwa fasi kali, na nyumba zinajengwa pembeni ya kilima. Mvua ikinyesha sana, udongo mzuri wa juu unaondoka kwanza. Unaingia mtoni, kiisha unakwenda kurundikana katika mabwawa ya umeme, kama lile la Ruzizi II ambalo liko hapo Mumosho na linatumikia Kongo, Rwanda na Burundi tangu mwaka 1989.

Watu wengi wanasema tu "hapa kunashuka sana" ao "hapa kunashuka kidogo". Lakini fundi, mkulima ao kamati ya maji inahitaji hesabu. Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya.

Mteremko ni nini?

Mteremko unaonyesha ardhi inashuka kiasi gani kwa kila hatua ya kwenda mbele. Inaombwa vipimo viwili:

- Urefu wa kusimama: tofauti ya kimo kati ya fasi ya juu na fasi ya chini.
- Urefu wa kulala: umbali kati ya fasi hizo mbili, ukipimwa sawasawa kama maji yaliyotulia, si kwa kufuata udongo.

Unagawanya urefu wa kusimama kwa urefu wa kulala, kiisha unazidisha mara 100. Jibu ni asilimia. Shamba likishuka metre 2 katika metre 10 za kulala, mteremko ni 2 ÷ 10 × 100, ni kusema asilimia 20. Vipimo vyote viwili viwe vya namna moja: kama kimoja ni sentimetre na kingine ni metre, jibu litakuwa uongo.

Kupima bila mashine

Watu wawili wanatosha. Wanahitaji ubao ulionyooka wa metre 2, nivo ya fundi, metre ya kupimia, uzi wenye jiwe na kijitabu. Asiye na nivo anaweza kulaza juu ya ubao chupa inayoonyesha ndani, yenye maji nusu. Maji yakiwa sawa pande zote mbili, ubao umelala vizuri.

1. Weka ncha moja ya ubao chini, upande wa juu wa shamba. Inua ncha nyingine mpaka nivo ikubali.
2. Kutoka ncha ile iliyoinuliwa, shusha uzi wenye jiwe mpaka udongo. Pima urefu huo na uandike.
3. Pale jiwe lilipogusa, weka tena ncha ya kwanza ya ubao. Endelea vile mpaka chini.

Mfano: mtu amepiga hatua tano za ubao na kuandika sentimetre 40, 55, 50, 60 na 45. Jumla ni sentimetre 250, ni kusema metre 2,5. Urefu wa kulala ni 5 × 2, metre 10. Mteremko ni 2,5 ÷ 10 × 100 = asilimia 25.

Makosa mawili ya kila siku

La kwanza ni kulaza metre juu ya udongo. Kilima kinachoshuka metre 10 katika metre 10 za kulala kina asilimia 100. Lakini ukipima kwa kufuata udongo utapata karibu metre 14,1, na hesabu itakupa asilimia 71 tu. Kadiri fasi inavyokuwa kali, ndivyo uongo unavyoongezeka.

La pili ni kuchanganya asilimia na digri. Asilimia 100 ni digri 45, si ukuta uliosimama. Asilimia 50 ni karibu digri 27, na asilimia 25 ni digri 14.

Hesabu hii inasaidia nini?

Kwa mkulima, inasaidia kupanga mitaro na mistari ya majani ama miti ya calliandra inayoshika udongo. Akitaka kila mstari uwe metre 1,5 chini ya ule wa juu, anagawanya 1,5 kwa mteremko. Kwenye asilimia 25 ni 1,5 ÷ 0,25, metre 6 za kulala. Kwenye asilimia 50 ni metre 3 tu. Kilima kikiwa kikali, mistari inakaribiana. Mtaro wenyewe uchimbwe sawa, bila kushuka, ili maji yasimame na kunywewa na udongo.

Kwa mwenye nyumba, mfereji wa maji ya mvua wenye asilimia 1 unashuka sentimetre 10 katika kila metre 10. Kwa kamati ya maji, chemchemi iliyo juu ya bomba la kijiji kwa metre 12, katika umbali wa metre 400, inatoa asilimia 3.

Hata mto unapimwa vile. Ruzizi inatoka ziwa Kivu, kwenye kimo cha metre karibu 1460, na kuingia ziwa Tanganyika, kwenye metre karibu 770. Ni metre 690 katika kilometre karibu 117: asilimia 0,6 hivi. Lakini hiyo ni ya kati. Sehemu kubwa ya kushuka iko katika mabonde membamba ya juu, upande wa Bukavu na Mumosho. Ndiyo maana mabwawa yalijengwa huko, si katika tambarare ya Uvira. Shamba nalo ni vile: pima juu, katikati na chini, kila fasi peke yake.

Asilimia haisemi yote. Huko Funu, katika komini ya Kadutu, udongo unasogea polepole miaka na miaka kwa sababu ya hali ya ardhi ya chini. Na fasi tambarare chini ya mlima inaweza kupokea maji na mawe ya wengine, kama ilivyotokea Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, mwezi wa tano 2023, ambako watu zaidi ya 400 walikufa. Kabla ya kununua kiwanja, pima mteremko wake, kiisha inua macho uangalie kile kilicho juu yake.