Mizani na Umbo la Mpiganaji

Kijana wa Zinga au Bagamoyo atakaye kushindana kwa ngumi hupimwa kwanza kwa mizani. Desturi hiyo si ya asili ya pwani. Katika kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Lamu, wawili huingia uwanjani kwa ngoma na zumari pasipo kupimwa. Mrefu hutegemea mkono ufikao mbali, na mfupi hutegemea wepesi wa kukinga.

Madaraja manane ya uzito wa ngumi yaliwekwa na National Sporting Club ya London mwaka 1909. Kwa kanuni za namna hiyo Titus Simba wa Tanzania alipata medali ya fedha ya uzito wa kati, usiozidi kilo 75, huko Edinburgh mwaka 1970. Na Michael Yombayomba akapata dhahabu ya uzito wa bantam, usiozidi kilo 54, huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Pasipo mizani, mtu wa kilo 54 asingalipata heshima hiyo mbele ya wa kilo 75.

Lakini mizani haisawazishi urefu wa mkono. Mfupi hana budi kumsogelea mwenzake, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka.