Nanochembe za lipidi za repaglinidi

Nanochembe za lipidi za repaglinidi ni chembe za mafuta, zenye upana wa nanomita 50 hadi 1000, zinazobeba repaglinidi, dawa ya kumeza ya kisukari aina ya 2.

Repaglinidi huchochea kongosho kutoa insulini. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1997. Haiyeyuki vizuri katika maji, na ini huharibu sehemu yake kabla haijaenea mwilini. Takriban asilimia 56 tu hufika katika damu. Kiasi hicho hupungua kwa nusu kila saa moja hivi, hivyo dawa humezwa kabla ya kila mlo.

Utengenezaji

Asidi ya steariki huyeyushwa kwa joto na kuchanganywa na dawa, kisha hukorogwa kwa kasi katika maji ya moto yenye lesithini. Mchanganyiko ukipoa, mafuta huganda yakiwa na dawa ndani.

Faida na changamoto

Katika utumbo, mafuta husaidia dawa kufyonzwa. Sehemu yake inaweza kupita katika limfu bila kuanzia kwenye ini. Hata hivyo, fuwele za mafuta zikijipanga upya ghalani husukuma dawa nje. Tena, dawa ikidumu mwilini muda mrefu, mgonjwa asiyekula anaweza kushukiwa na sukari kwa kiwango cha hatari.