Mswaki, Ukoga na Utafiti wa Fizi

Kwenye nyanda kame za Dodoma, Tanzania, kijiti cha mswaki kilisafisha meno kabla ya miswaki ya dukani kufika. Ncha hutafunwa hadi nyuzi zichanuke, kisha husuguliwa kwenye ukingo wa fizi. Hapo ndipo bakteria hujenga utando laini ambao, ukiachwa, huganda kuwa ukoga.

Ili kuona utando huo unavyoathiri fizi, mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu wenye fizi salama waache kupiga mswaki. Katika siku 10 hadi 21 fizi za wote zilivimba. Usafi uliporudi, zikapona. Kutokana na hilo wataalamu wengi wakadhani penye ukoga mwingi meno lazima yang'oke.

Afrika Mashariki iliitikisa dhana hiyo. Watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha mwaka 1988 uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wenye miaka 15 hadi 65. Ukoga ulikuwa tele na fizi zilitoka damu, lakini wengi walikuwa na karibu meno yao yote. Uharibifu mkubwa uliwapata wachache. Ni matokeo ya thamani kubwa, kwani yalipinga madai ya muda mrefu kwamba fizi za Waafrika huoza upesi kuliko za wengine. Mwaka 1989 Gunnar Dahlén, pamoja na watafiti hao, aliendelea kwa kuchunguza bakteria wenyewe, waliochukuliwa chini ya fizi za Wakenya watu wazima.