Kalasa na Wanawe: Ukoo wa Njiani

Kwenye kilio cha mzee hapa Kapata, swali la kwanza ni hili: alitoka wapi? Kambi za kazi za Kolwezi zilijazwa na watu wa mbali, na jibu huwa refu. Jibu la Bayeke ndilo refu kuliko yote. Hawaishii Bunkeya, mji mkuu wao ulio katika mkoa wetu huu wa Lualaba. Wanapanda mpaka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, kwa mzee mmoja aliyeitwa Kalasa.

Vitabu vimempa sifa zote mwanawe Ngelengwa, yaani Msiri. Ufalme ni wake, sikatai. Lakini kwa kupenda safari, baba ndiye wa kutajwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Kalasa aliongoza misafara kutoka Usumbwa, akazunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, akavuka mto Luapula kwa mfalme Kazembe, mpaka Katanga, kufuata shaba. Huo ni mwendo wa miezi, mizigo ikiwa mabegani mwa watu. Mchuuzi mwingine angenunua, angefunga mizigo na kurudi kwao. Kalasa alichanjiana damu na wakubwa wa huku, na tangu hapo akirudi huja kama ndugu.

Shaba yenyewe iliuzwa kwa umbo la msalaba, ikiwa imeyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya udongo. Mafundi wa Kiyeke hawakuiacha hivyo. Waliifua ikawa ufito mwembamba, wakaupitisha kwenye tundu la chuma na kuuvuta kwa nguvu za watu kadhaa, kisha kwenye tundu dogo zaidi, na dogo tena, mpaka ukawa uzi. Uzi huo ulizungushwa kwenye nyuzi za mmea au singa, ikatoka bangili laini inayopindika mkononi. Ufundi huo wa kuvuta uzi waliuleta wao Katanga.

Ngelengwa alikuja kwa njia ya baba yake katikati ya karne, akiwa na bunduki. Aliwasaidia Basanga, wenyeji wa huku, dhidi ya maadui wao, akabaki, na mwishowe akawatawala wenyeji wake. Miaka ya 1880 Bunkeya ilipokea misafara ya pwani zote mbili, ya upande wa Zanzibar na ya upande wa Benguela. Mmisionari Frederick Stanley Arnot aliingia Februari 1886 akitokea magharibi. Mmoja wa wake za mfalme, Maria da Fonseca, naye alitokea upande huohuo. Pembe za ndovu zilitoka, na watumwa pia. Ndiyo maana Basanga wana simulizi yao, nao mwaka 1891 walikuwa wamemwasi. Mwana wa msafiri alikuwa ameketi, na dunia ndiyo iliyomjia. Msafara wa Stairs, uliotoka pwani ya mashariki kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, ulifika Bunkeya katikati ya Desemba 1891. Tarehe 20 Kapteni Bodson wa msafara huo alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akafa hukohuko. Mukanda Bantu akashika nafasi ya baba yake. Kila tarehe 20 Desemba Bayeke hukusanyika Bunkeya.

Upande ule wa magharibi ulikuja kuwekewa reli. Mwaka 1931 ya Benguela iliunganishwa na ya Katanga huko Tenke, ikipita Dilolo na hapa penye Kolwezi kabla mji haujajengwa. Vita vya Angola viliikata kuanzia 1975. Siku hizi wanaiita njia ya Lobito na kuizungumzia kana kwamba imevumbuliwa juzi.

Hamu ya Kalasa naiona zaidi kwa Myeke mmoja asiyekuwa na ufalme: Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Badala ya bunduki alishika gitaa. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na wimbo wake wa Kiswahili "Masanga" ukamtangulia kila alikokwenda. Mwaka 1959 alikaa Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza kudonoa nyuzi kwa vidole viwili kama yeye. Baadaye alifika mpaka Marekani na Ujerumani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia, akiwa safarini.