Ruhusa za Majalada: Kukataliwa si Kushindwa

Watumishi wa masijala wanafahamu vyema kwamba si kila afisa aruhusiwaye kusoma jalada huruhusiwa pia kuandika ndani yake. Waundaji wa mfumo wa kompyuta uitwao Unix, katika maabara za Bell nchini Marekani, waliifuata kanuni hiyo hiyo. Mwongozo wao wa kwanza, wa mwaka 1971, uliwagawa watu mafungu mawili tu: mwenye jalada na asiye mwenyewe. Baadaye likaongezwa fungu la kikundi. Na katika toleo la saba, la mwaka 1979, kila jalada lilikuwa na ruhusa tisa, yaani kusoma, kuandika na kuendesha, kwa kila fungu.

Badiliko la namna hiyo huyapitisha wakati majaribio ya awali. Jaribio lililouliza mara moja kama asiye mwenyewe aweza kusoma sasa halina budi kuuliza mara mbili: mwanakikundi akubaliwe, mgeni akataliwe. Tena lisiendeshwe kwa jina la msimamizi mkuu, kwani yeye hazuiliwi kusoma wala kuandika.

Hapa ndipo mfasiri anapotatizika. Akitumia "kushindwa" kwa mgeni na kwa jaribio pia, atajikuta akiandika kwamba jaribio limefaulu kwa kuwa limeshindwa! Twapendekeza "kukataliwa" kwa mtumiaji aliyenyimwa ruhusa, na "kushindwa" kwa jaribio peke yake. Neno "idhini" tungeliachia barua za ofisini.